Miono ya Uani

Mtaa mzima wa kwetu, mtu wa kwanza kuingiza intaneti nyumbani ni mimi, Batuli binti Mwinshehe. Nimeivuta kwa mkono wangu kutoka ng'ambo ya barabara, juu kwa juu, ikapita vichwani mwa watu na bajaji zao, ikaingia dirishani kwangu. Muulizeni yeyote Bagamoyo. Ila msimuulize fundi wangu Mrisho, maana atawaambia aliyepanda ni yeye na mimi nilishika ngazi tu. Na jirani yangu Mwanamvua ndiyo msimguse kabisa, maana atawaambia hata hiyo ngazi niliiachia nikamjibu muuza vitumbua, ndiyo sababu Mrisho siku ya harusi alikuwa anachechemea.

Harusi ilikuwa ya mjukuu wangu Adila. Baba yake, mwanangu Husseni, Mungu amrehemu, alifariki Adila bado ananyonya. Kwa hiyo walii wake, mtu wa kumwoza, ni baba yake mdogo, mwanangu Kombo. Na Kombo alikuwa amesusa.

Kususa kwa Kombo nakujua tangu ana meno ya utotoni. Wenzake wakikosewa walikuwa wanalia, yakaisha. Yeye hunyamaza, hujifunika shuka gubigubi, akangoja mtu aende kumbembeleza. Sasa ana mvi kidevuni na shuka ni lile lile. Safari hii kosa lilikuwa barua ya posa. Ilikuja yeye akiwa shambani kwake Miono, nikaifungua mimi, nikaipenda, nikaijibu siku hiyo hiyo. Yeye, walii mzima, habari akaja kuisikia kwenye mnada wa samaki, kutoka kwa mtu aliyekuwa anagombea bei ya changu. "Hongera, Kombo, nasikia mnaoza!" Kombo akainama kunusa kapu lake.

Alipoelewa alirudi Miono akazima simu. Akaja kuiwasha wiki ya harusi, kumwambia sheikh kwamba hatii mguu.

"Ndoa sikatai," alisema. "Lakini gari langu limekufa, na barabara ya huku imejaa maji. Nitatoa idhini kwa simu ya picha."

Sheikh Mikdad ni mtu wa taratibu zake. Akatuita, akatuambia: "Walii akiwa mbali na hana namna ya kufika, nitampokea kwa simu, mradi nimwone uso na mashahidi wamtambue. Lakini akiwa karibu, aje mwenyewe. Sifungishi ndoa kwa simu na baba mtu yuko mtaa wa pili."

Maneno hayo yawekeni mahali.

Hapo ndipo ilipoingia kompyuta. Mrisho ni mtoto wa jirani yangu Majaliwa, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Kasomea mambo hayo Dar, na hapa mjini akiharibikiwa mtu na mashine huitwa yeye. Akanishauri tuweke kompyuta sebuleni, yenye kioo kikubwa, sheikh na mashahidi wamwone Kombo vizuri. Intaneti tungeivuta kutoka dukani kwa baba yake. Na binti yangu Ashura, aliye Tanga na mimba kubwa isiyoruhusu safari, naye angeingia aone.

"Na sisi?" nikamuuliza.

"Nyinyi nani, Bibi?"

"Wanawake."

Akatazama chini. Kwetu ndoa ikifungwa wanaume wanakaa sebuleni na sheikh, sisi tuko uani na masufuria. Bibi harusi tumemzaa sisi, tumemsinga sisi, tumempaka hina sisi, lakini ile dakika bwana harusi anapotetemeka sauti, tunakuja kuhadithiwa. Na anayehadithia ni mwanamume, kwa hiyo anasema, "Ah, ilikwenda vizuri," basi. Nimehadithiwa harusi zote za wanangu. Nikamwambia Mrisho, "Hii sihadithiwi. Nataka kuona."

Mrisho akakuna kichwa. "Basi, Bibi, tuweke televisheni uani. Lakini hapo kompyuta itataka kadi mbili za mtandao."

"Kadi za mwaliko ninazo nyingi, zimebaki."

"Siyo hizo. Kadi ni pale unapochomeka waya. Moja itakuwa ya intaneti, kwa watu wa mbali. Ya pili ya humu humu nyumbani, inakwenda uani kwenye televisheni na kwenye kisanduku cha kurushia. Mwenye simu yake uani anajiunga bure, bila bando. Kikao chenyewe kiko ndani ya kompyuta. Wa mbali wanaingia kwa kadi ya mbele, wa uani kwa kadi ya uani, wote wanakutana hapo. Ni kama hii nyumba yako, mlango wa mbele na mlango wa uani."

Nikamwambia nyumba yenye milango miwili nimekaa kabla mama yake hajavunja ungo, aniambie jingine.

Akaifanya kazi. Kisanduku cha uani alikitundika ukutani kwa Kulwa, maana nyumba ya Kulwa imepakana na uani kwetu na ukuta wake una kivuli na msumari. Huyu Kulwa ni swahiba wa Kombo, wametiwa jandoni pamoja. Mkewe, Sihaba, ndiye aliyekuwa mkuu wa masufuria siku hiyo. Na mimi, ili Mrisho asichanganye nyaya, nilichana kanga kuukuu nikafunga kitambaa chekundu kwenye waya wa mbele na cha kijani kwenye waya wa uani. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kitaalamu, na niliifanya bila kuanguka.

Siku yenyewe ikafika. Mrisho akachomeka waya mwekundu peke yake, Ashura akatokea kutoka Tanga, anatafuna ubuyu. Akachomeka wa kijani peke yake, televisheni ya uani ikawaka, tukaona sebule yetu kama tunaichungulia.

"Kumbe pazia lenu chafu hivi, Batuli," akasema Mwanamvua, jirani yangu wa upande wa pili, ambaye Mungu kamnyima vingi akamfidia kwa ulimi.

Mrisho akachomeka zote mbili. Ashura akapotea.

Akachomoa wa kijani, Ashura akarudi. Uani wakapiga kelele. Akaurudisha wa kijani, uani wakapiga kigelegele, Ashura akazimika na ubuyu wake mdomoni. Ikawa hivyo, chomeka chomoa, chomoa chomeka, mpaka jasho linamdondokea kwenye vitufe.

"Bibi, chagua," akaniambia nilipomfuata sebuleni. "Wanawake au Miono."

"Sichagui. Kwani mimi nikifungua mlango wa uani, wa mbele unajifunga?"

"Haikupaswa iwe hivi."

"We Mrisho," Mwanamvua akapiga kelele kutoka jikoni, "huko Dar mlisomea waya mmoja mmoja? Wa pili ni muhula ujao?"

Katikati ya fujo hiyo nikarudi uani, Sihaba akapita na sahani imefunikwa kawa. Si mara ya kwanza. Tangu asubuhi alikuwa anakwenda kwake na kurudi.

"Wapi tena, Sihaba?"

"Nampelekea mgonjwa wangu, dada. Kulwa tumbo limemshika."

Nikafunua kawa. Ilikuwa ukoko wa pilau, ule wa chini kabisa, mweusi kama lami. "Mwenye tumbo ndiyo anakula hiki?"

"Ndicho anachokitaka," akasema, akapita haraka.

Kulwa asubuhi nilimwona anapanda baiskeli na tenga la barafu, anaimba. Lakini siku ya harusi mtu una mambo mengi, nikaliacha.

Wageni wakafika kutoka Fukayosi, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata. Bwana harusi, Feisal, akaja kuniamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Bibi yako nani? Mimi si mkeo? Unakuja kumwoa mke mwenzangu mbele ya macho yangu na bado unaniita bibi! Mume wangu, wivu wangu utauona."

Akacheka kwa haya, kofia ikamwendea upande. Kijana mzuri. Lakini ami yake, mzee mrefu asiyetabasamu, hakucheka. Akamsogelea sheikh, akasema kwa adabu ambayo ni mbaya kuliko matusi:

"Sheikh, sisi tumesikia njiani kwamba walii kasusa. Hatukuja kuingilia ugomvi wa watu. Kama bado hamjapatana, sisi turudi zetu, mtatuita mkishapatana."

Mtu akikwambia "mtatuita mkishapatana," jua hatakuja. Atamtafutia kijana wake mke Fukayosi kabla ya mavuno.

Wakaniita chumbani kwa Adila. Kakaa kitandani, mikono kainyoosha mbele kwa ajili ya hina, hawezi hata kujifuta machozi.

"Bibi, wasiondoke."

"Hawaondoki."

"Baba mdogo je? Akikataa?"

Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga. Utani wote ulinitoka hapo. Barua nimefungua mimi, machozi analia yeye.

Nikarudi uani. Kwenye televisheni tukamwona Mrisho kaingia chini ya meza, makalio ndiyo yanaangalia kioo. Sheikh anavuta ndevu. Ami wa Feisal kashika fimbo yake kama mtu wa kuinuka. Na mara, kwenye ile kompyuta, uso wa Kombo ukajaa.

"Assalaam aleykum."

Uani tuliruka. Vigelegele vilianza, mwiko ukaangukia kwenye mchuzi. Sebuleni wazee wakaitikia kwa pamoja, na Mrisho akatoka chini ya meza kauma kitu mdomoni, watu wanampiga mgongo: "Kijana hodari! Fundi!" Akafungua mdomo aseme jambo, kitu kikaanguka, akaufunga tena. Sifa ni tamu.

Kombo kakaa mbele ya ukuta mweupe, kanzu safi, kofia ya bulibuli. Hakuniulizia, hakumwulizia bibi harusi.

"Niko hapa shambani Miono, sheikh. Huku ni mvua tu, tangu alfajiri."

"Alhamdulillahi. Tunakuona vizuri, utadhani uko hapa hapa."

"Ndiyo maendeleo, sheikh."

"Basi, bwana Kombo, mashahidi wamekutambua. Tunaomba idhini yako."

"Idhini ipo. Lakini kabla ya idhini nina neno."

Neno lenyewe lilianzia ukoo wa babu yake likashuka taratibu. Jinsi alivyodharauliwa. Jinsi mtu anavyoambiwa habari za mtoto wake na mnunuzi wa changu. Ami wa Feisal alikuwa anatikisa kichwa, mimi sijui kwa huruma au kwa kuchoka. Mwisho Kombo akafikia shuka lake:

"Nataka mama yangu aje hapo mbele ya watu, aniombe radhi. Bila hivyo, mimi idhini yangu inabaki Miono."

Uani miiko ikasimama sufuriani. Wote wakanigeukia.

"Nenda, shoga," Mwanamvua akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kejeli. "Neno moja tu. Wapo waliolipa zaidi ya hapo kuoza watoto wao."

Kumwomba radhi mtoto uliyemfunga nepi, mbele ya wageni wa Fukayosi! Ningeambiwa nichote maji kwa ungo ningekwenda mbio. Lakini nilikumbuka ile mikono ya hina. Nikajifunga kanga, nikaenda mpaka mlango wa sebule, nikasimama pembeni mwa meza, alipo Mrisho. Nikainamisha macho chini kama mkosaji.

Na chini ndipo nilipoona kitambaa changu chekundu. Waya uko sakafuni, ncha yake ina alama za meno.

"Mrisho," nikanong'ona, "huu si wa mbele?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mbona umelala chini?"

"Niliuchomoa nitazame kosa. Ndipo akatokea."

"Sasa katokea kwa wapi?"

Mrisho akabonyeza vitufe, akatazama, akatazama tena. Masikio yakamwiva.

"Kaingilia uani, Bibi. Yuko kwenye kile kisanduku."

"Kile cha bure?"

"Kile cha bure. Na hakifiki mbali. Nyumba moja, mbili."

Nikamtazama mwanangu kwenye kioo, anangoja radhi yake, kidevu juu. Kombo wangu! Kombo ambaye hanunui kiberiti jirani akiwa anapika. Kakuta mtandao hauombi bando, angeuacha?

"Na kosa langu nimeliona," Mrisho akaendelea kunong'ona, maana mafundi hawa hata nyumba ikiungua wanataka kukueleza. "Kila kadi ina pa kuandika njia ya kutokea kwenda nje. Ya mbele niliandika, sawa. Ya uani ilitakiwa niache patupu. Nikaona aibu kuacha patupu, nikaandika."

Hapo nilimwelewa. Kwetu nani anaacha sahani ya mgeni tupu?

"Kwa hiyo kompyuta ikitaka kwenda Tanga..."

"Inaambiwa njia ni uani. Inakwenda, inakuta masufuria, inakwama."

"Futa basi. Uani kwangu pana choo, pana jiko, pana Mwanamvua. Njia ya Tanga haipo. Ukishafuta, rudisha waya wangu."

Nikainua uso, nikaitoa ile sauti yangu ya msibani.

"Mwanangu Kombo."

"Naam." Kavuuuta hiyo naam.

"Radhi nitakuomba, na ni haki yako. Ila mama yako nimetoka na kanga ya jikoni, inanuka vitunguu. Nipe nafasi nijisitiri, nisikuaibishe mbele ya wakwe. Wakati huo wape wageni habari za Miono. Hiyo mvua ikoje?"

Kombo hajawahi kunyimwa wasikilizaji akalalamika kidogo, na hajawahi kupewa akanyamaza. Akaanza. Mimi nikashika njia ya uani. Mwanamvua akaniona uso.

"We Batuli, wapi?"

"Miono. Unakuja?"

Sihaba, aliyekuwa anapakua, aliposikia hivyo alitia chumvi kwenye chai. Nilimwona.

Nikapita nyuma ya choo, nikasukuma mlango wa bati wa Kulwa. Jua lilikuwa linachoma mpaka kuku wamejibanza ukutani. Nyuma yangu televisheni yetu ilikuwa inasema, "Mito yote imefurika," na mbele yangu dirisha la Kulwa lilishasema hivyo kitambo kidogo. Kila uongo niliusikia mara mbili, wa moto halafu wa kiporo.

Nikavua kandambili, nikaingia bila hodi.

Kombo kakaa pembeni mwa kitanda cha Kulwa, kaupa mgongo mlango. Juu kanzu na kofia, kanzu yenyewe kaikunja mpaka kiunoni kwa joto, chini msuli wa kulalia. Simu kaiegemeza kwenye jagi. Kando ya paja lake sahani.

"Hapa nilipo ni maji matupu, wazee wangu," alikuwa anasema. "Miguu yangu hii imelowa. Hata moyo ukitaka kuja, nipite wapi?"

Nikasimama nyuma yake. Kwenye simu yake niliiona sebule yangu nzima, na nyuma ya bega lake nikajiona mimi mwenyewe, mkono kiunoni, kanga ya jikoni. Sheikh alikuwa wa kwanza kuacha kuvuta ndevu. Feisal akaficha mdomo kwa kofia. Ami yake, yule asiyetabasamu, akaanza kutikisika mabega. Halafu pembeni mwa kioo kikafunguka kidirisha kipya, Mrisho wangu kafuta, waya umerudi, na sauti ya Ashura ikatoka Tanga, safi, ubuyu na vyote:

"Heee! Mama! Umefika saa ngapi Miono?"

Kombo akageuka, simu ikainama ikaonyesha msuli. Kicheko cha uani kwetu kilikuja kwa dirishani na kwa simu, kikakutana kichwani kwake.

"Bwana Kombo," akasema sheikh, na taratibu zake, "aliye karibu huja mwenyewe. Vaa suruali, tunakungoja."

"Radhi nitakuomba hapo njiani," nikamwambia mwanangu polepole, "maana ile barua kweli nilikosea. Inuka. Mtoto analia."

Aliinuka. Lakini kabla ya kuinuka aliitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama miguu yake iliyokauka vumbi.

"Mama, shikamoo," akasema. "Nilikuwa ndiyo nafika sasa hivi. Nimepata lifti."

"Marahaba, pole na safari," nikamjibu, nikainyanyua sahani mpaka mbele ya simu, ukoko umeliwa nusu. "Na hiki umepakia kwenye lifti hiyo hiyo?"